Karatasi Katika Koti la Mzee

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu, wewe na huyo mwanao ambaye nasikia siku hizi anapanda mpaka madirishani. Mwambie mama mkubwa wake anamkumbuka kila akiona kitu kinachoweza kuvunjika. Kile kikohozi chako kimeisha, au bado unakibembeleza kwa maji ya moto na ukaidi? Nenda hospitali, usinifanye nipande basi nije kukuburuta.

Mimi mwili haujambo. Moyo ndio unaochemka, tena umechemka wiki nzima mpaka kifuniko kinaruka. Nimechagua barua badala ya simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza neno la tatu tu, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho. Usisome juu juu ukakunja. Soma mpaka ufike kwenye jina langu.

Wamemfukuza kazi Bibi Pasi. Ndiyo, yule yule mama mnene wa chumba cha kunyooshea nguo pale kwenye duka letu la dobi, aliyekushonea kifungo cha koti siku ile ulipopita dukani kuniaga, akakataa hata kushukuriwa. Miaka kumi na minne na ushee amesimama kwenye meza moja, mvuke unampiga usoni, miguu imemvimba, na hajawahi kuunguza hata kola. Jumatatu iliyopita, saa nne na nusu asubuhi, alivua aproni yake, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka mezani na kutoka. Na aliyemwambia atoke ni Bosi Mdogo, ambaye hata mkono wa shati hajui unanyooshwa kuanzia wapi.

Habari za usomaji wetu nilikudokezea zamani, lakini lazima nizirudie, maana jambo zima limesimama hapo. Tangu enzi za baba yake Bosi Mdogo, Mungu amrehemu, kila siku saa nne tunazima mashine na pasi, tunapumzika robo saa. Bibi Pasi anakaa juu ya kapu la nguo lililogeuzwa, anavaa miwani yake yenye mguu mmoja uliofungwa uzi, anafungua Biblia na kusoma sura moja. Haruki. Alianza ukurasa wa kwanza siku aliyoajiriwa, akifika mwisho anarudi mwanzo, na huu ni mzunguko wake wa nne. Akisha kusoma, sisi sote tunachukua kalamu na zile tiketi za nguo zilizoharibika kiwandani zikichapwa, tunanakili sura ile kwa nyuma, kila tiketi mstari mmoja. Kisha tunazitia kwenye mifuko ya nguo zilizo tayari, kwa kufuata hanga zilivyopangwa. Hanga la kwanza mstari wa kwanza, hanga la pili mstari wa pili. Mteja anapata kilichomwangukia.

Hatuchagui. Hiyo ndiyo sheria yake pekee, na ameishikilia kwa ukali ambao huutegemei kwa mtu mpole vile. Kuna bwana harusi aliyekwenda kanisani na orodha ya ndege wasioliwa ndani ya suti yake. Kuna daktari aliyerudi kuuliza sisi tunamfahamuje mpaka tukamwekea hesabu ya kondoo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nami, unavyonijua, nilimwambia Bibi Pasi kwamba tunapoteza nafasi, kwamba walevi wapewe maneno ya walevi na wachoyo ya wachoyo. Alinijibu kwamba yeye ni mpiga pasi, hajui kilichomo ndani ya mtu, na kazi aliyopewa ni kupeleka tu.

Halafu kuna yule nesi. Yeye aliangukiwa na mstari wa majina matupu, fulani kamzaa fulani, ambao mimi ningeutupa kapuni. Ndani yake mlikuwa na jina la marehemu mama yake, jina ambalo anasema hajalisikia likitajwa tangu wamzike. Alilia palepale kwenye kaunta, na tangu siku hiyo kila Ijumaa anakuja saa nne, anakaa kwenye sanduku la sabuni na kusikiliza sura pamoja nasi. Ningechagua mimi, nesi angepewa neno zuri la wagonjwa na mambo yangeishia hapo.

Bosi Mdogo hajawahi kukaa hata siku moja kusikiliza. Saa nne yeye yuko nje anaongea na simu. Kwake usomaji wetu ni mazoea ya wazee aliyoyarithi pamoja na mashine mbovu, na alikuwa anatafuta sababu tu.

Sababu ikaja na koti. Na koti lenyewe la nani? La mzee wa kanisa, yule uliyemfahamu vizuri kuliko ulivyotaka. Yule aliyekaa katikati ya ile meza siku watu saba walipokuita ukiwa na mimba ya miezi mitano, wakakuvua ualimu wa watoto wa Jumapili, wakakuonyesha benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, kama vile mimba inaambukiza. Mimi nilikuwa nimekusubiri nje. Nakumbuka ulivyotoka umeshika kile kitabu chako cha nyimbo za watoto, umekikumbatia, hulii. Nililia mimi. Kanisa lile sijalikanyaga tena, nasali kwingine, na habari zao sizitaki wala siziulizi.

Sasa Jumatatu mzee huyo kaingia dukani tukiwa ndiyo kwanza tumemaliza sura. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Aliweka karatasi yetu moja kwenye kaunta, akaigeuza taratibu kunielekea, akauliza nani ameiandika. Akasema anataka tu kujua mtu huyo anafahamu nini juu ya nyumba yake. Kabla sijafumbua mdomo, Bosi Mdogo keshafika, kaidaka karatasi, kaisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili. Lilikuwa lile neno la watoto kulipia makosa ya baba zao.

Hapo Bosi Mdogo akapata jukwaa. Alituita wote tujipange, watu wazima, kama watoto wa shule waliovunja kioo. Alisema duka lake si mimbari, kwamba wateja wanaleta madoa ya nguo na si madoa ya roho, na inaonekana alikuwa ameutunga msemo huo siku nyingi, maana aliurudia. Akadai aliyeandika ajitokeze.

Bibi Pasi akaomba aione. Alivaa miwani, akaisoma, akaigeuza, akaitazama upande wa tiketi. Akaivua miwani. Akasema karatasi hizi ni zake, yeye ndiye aliyezianzisha, na akamwomba mzee radhi kwa unyenyekevu ulioniudhi. Bosi Mdogo akamwambia avue aproni. Miaka kumi na minne, mdogo wangu, ilimalizwa kwa muda mfupi kuliko wa kunyoosha suruali!

Na mzee wa kanisa alisimama pale kama nguzo ya simu. Na wenzangu wa chumba cha kufulia, ambao wamekula maneno ya yule mama kila siku saa nne kama chakula, wote ghafla wakavutiwa na sakafu. Siku ya pili Bosi Mdogo akabandika tangazo kwamba hapa ni mahali pa kazi, na sasa saa nne tunakaa tunatazamana huku redio inatangaza dawa za meno. Nesi alikuja juzi Ijumaa, akasimama mlangoni, akalitazama kapu. Nilimwambia hakuna kusoma. Akauliza kwa nini. Nikamwambia amuulize mwenye duka.

Wiki nzima nimegombana na kila kitu. Nimegombana na mashine, na wateja, na mwenye nyumba wangu ambaye hana kosa lolote. Nimepiga magoti kuomba nikajikuta namshtaki Bosi Mdogo kwa Mungu, na nikimaliza naye naanza na mzee, na nikimaliza na mzee naanza na Bibi Pasi mwenyewe. Ndiyo, naye nimemkasirikia. Huenda yeye kuliko wote.

Sasa nafika mahali ambapo nimeweka kalamu chini mara tatu.

Wiki tatu zilizopita dada wa kaunta alikwenda kujifungua, nami nikatolewa kwenye mashine nikapewa nafasi yake. Kazi ya kaunta ni kupokea nguo na kukagua mifuko. Kila unachokikuta unakitia kwenye bahasha yenye namba ya tiketi, bahasha inabanwa kwenye hanga, mteja anapata chake hata kama ni kijiti cha meno. Siku yangu ya pili mkewe mzee akaleta lile koti. Ndani ya mfuko wa kifuani, upande wa moyo, nikakuta soksi moja ya mtoto mdogo. Ya manjano, kisigino kimeliwa.

Unajua nilichofikiri, maana wewe na mimi tumelelewa kitanda kimoja. Nyumba ya mzee haina mtoto mdogo. Mabinti zake wameolewa mbali. Nikasema kumbe! Kumbe mtu aliyekufukuza wewe kwa mtoto wako anaficha wa kwake mahali, na anatembea na soksi yake kifuani! Nilifurahi, mdogo wangu. Nakuambia kweli, mwili mzima ulinisisimka kwa furaha. Soksi sikuitia kwenye bahasha. Niliitia mfukoni mwangu, iwe ushahidi.

Siku koti lilipokuwa tayari, sura yetu ilikuwa ile ya vipimo vya hekalu, lango lina dhiraa kadhaa, ukumbi una dhiraa kadhaa. Tuko huko kwenye vipimo siku nyingi, mpaka wenzangu wanatania kwamba sasa kila mteja atajenga nyumba. Mstari uliomwangukia mzee ulikuwa upana wa mlango. Niliutoa. Nikafungua Biblia mwenyewe, nikapekua mpaka nikapata neno ninalolitaka, nikaliandika kwa herufi nilizozikaza mpaka kalamu ikatoboa tiketi, nikalitia kwenye ule mfuko wa moyo.

Kwa hiyo Bibi Pasi alipovaa miwani Jumatatu ile, hakuhitaji kutambua mwandiko. Mtu aliyeisoma Biblia kwa mpangilio mara tatu anajua tulikuwa wapi. Tulikuwa kwenye milango na dhiraa, na neno lile halikuwa la huko. Alijua palepale kwamba mtu amechagua, na alijua kati yetu ni nani ambaye siku zote alitaka kuchagua. Alinitazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akasema karatasi ni zake.

Nami nikanyamaza! Mimi mwenye mdomo unaosikika mpaka mtaa wa pili. Nilisimama nyuma ya kaunta nikatazama sakafu pamoja na wale wenzangu niliowasema hapo juu. Na lile la mzee kusimama kama nguzo, nimekudanganya, nalifuta. Alinyoosha mkono kuelekea kwa Bosi Mdogo, akasema hakuja kumfukuzisha mtu, akasema tafadhali, mara mbili. Bosi Mdogo hakumsikiliza. Kabla ya kutoka mzee alinirudia mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama koti lake lilikuwa na kitu mfukoni, kitu kidogo cha kitambaa. Nikamjibu hatukuona kitu. Nikasema hivyo, nikimtazama usoni, na soksi iko nami.

Jana nilikwenda kwa Bibi Pasi. Nilikwenda kugombana, usidhani nilikwenda kutubu. Nilimkuta chumbani kwake amenyoosha miguu juu ya kigoda, anasoma sura ya siku, ameendelea na hesabu yake vilevile, na ameninakilia mistari kwenye karatasi za daftari, eti nizitie mimi kama Bosi Mdogo hatazami. Nilimwambia hana haki ya kunibebea mzigo wangu bila kuniomba. Nilimwambia mzee yule ni mnafiki na ana mtoto wa siri. Nikatoa soksi nikaiweka mezani, nikimwonyesha kama polisi.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa nini ninayo. Akasema soksi hiyo anaijua, dada wa kaunta pia anaijua, tangu miezi minane iliyopita kila koti lile likija wanaikuta, wanaitia kwenye bahasha, wanairudisha bila neno. Mara ya kwanza alimuuliza mzee kama tuifue, na mzee akamwambia hapana, ni ya mjukuu wake wa kwanza, aliyeugua homa ya siku mbili wakamzika siku ya tatu. Kisigino kimeliwa kwa sababu mtoto alikuwa ndiyo anaanza kutembea.

Sasa soma tena neno nililomwandikia. Mimi nililituma kwa mtoto wa siri ambaye hayupo. Yeye kalisoma akiwa amezika. Na katika mfuko alioingiza mkono kutafuta soksi, alitoka na karatasi hiyo.

Bibi Pasi hakunisema. Bora angenisema. Alinimiminia chai, akaniambia siku atakayotaka kujua neno linalomfaa mtu fulani, atakuwa tayari amejifanya yeye ndiye mwenye Neno. Nikamwuliza alijua vipi kwamba sitasema, mbona alikimbilia kunibebea. Akasema hakujua, na kwamba kujitokeza ni kwangu, yeye alinipa nafasi tu ya kuvuta pumzi. Wiki nzima, mdogo wangu. Nimevuta pumzi wiki nzima huku yeye hana kazi, na hasira zote hizo nilizokuandikia kurasa tatu nilikuwa nazitumia kuziba masikio.

Nimebakiza moja, nalo ni kosa langu kwako. Barua yako ya mwisho, ile ya mwezi uliopita, sikuisoma. Nilisoma ukurasa wa kwanza mpaka pale uliposema nimsalimie mzee na mkewe. Nikasema huyu mtoto hana akili, anamsalimia aliyemfukuza. Nikaikunja nikaitupa kwenye droo ya vijiko. Jana nilipotoka kwa Bibi Pasi niliitoa nikaisoma yote, nikiwa nimesimama jikoni na mkoba bado begani. Kwamba binti wa mzee, mama wa yule mtoto, anakaa mitaa miwili kutoka kwako. Kwamba wewe ndiye uliyempikia wiki ya msiba. Kwamba baada ya maziko mzee alikuja mlangoni kwako, akaomba ambebe mwanao, akakaa naye mapajani mpaka mtoto akalala, na hakusema chochote, na wewe ukaona inatosha. Uliniandikia yote hayo, maana kwenye simu nilikukataza kumtaja mzee. Uliandika nimpelekee pole. Ningegeuza ukurasa mmoja tu, nisingeandika ile karatasi.

Nimekuwa nikilipa kisasi chako na wewe ulishamalizana nao. Nisamehe. Nililitumia jina lako bila kukuuliza, na Neno nalo nililitumia vilevile.

Kesho asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nakwenda nyumbani kwa mzee. Nikitoka huko nakwenda kwa Bosi Mdogo kumwambia mbele ya wote karatasi ilikuwa ya nani. Atanivua aproni, najua, na sijui kama atamrudishia Bibi Pasi ya kwake. Akikataa nitasema tena siku ya pili, na ya tatu, mdomo huu mara moja ufanye kazi inayofaa. Mzee sijui kama atanifungulia. Sijaandaa la kumwambia. Nilianza kutafuta mstari wa kuanzia, nikajishtukia, nikafunga kitabu.

Soksi iko hapa mezani ninapokuandikia. Miaka sita nimefua nguo za watu, na nikiona kitu kichafu mikono inaniwasha yenyewe. Hii sijaifua. Ina vumbi la sakafu ya nyumba ya binti yake kwenye vidole, na nadhani hilo ndilo analolitunza.

Mbusu mwanao mashavu yote mawili, msalimie sana binti wa mzee, mpe pole yangu ambayo imechelewa miezi minane. Niombeeni kesho saa moja na nusu.

Ni mimi dada yako, ambaye sasa barua yako ameisoma yote.